Kiharusi cha joto: dalili, huduma ya kwanza na kinga kwa madereva, wapagazi na wafanyabiashara wa mipakani

KIGALI – Dereva wa lori anayeondoka Kigali alfajiri huvaa jaketi. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida joto lake ni kati ya nyuzi 26 na 28 za Selsiasi. Siku chache baadaye dereva huyo huyo yuko Dar es Salaam, tuseme mwezi Februari, kwenye foleni ya kupakia kontena. Joto limefika nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho linamtiririka lakini halikauki. Mwili wake, uliozoea milima, haujapata muda wa kuzoea pwani.

Akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu, wenzake watasema ni malaria, au uchovu wa safari, au presha imepanda. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine ni joto lenyewe lililomzidi, na likifikia hatua ya kiharusi cha joto, mtu anaweza kufa katika muda wa saa chache, au kupona akiwa na madhara ya kudumu kwenye ubongo, ini au figo. Kinachoamua ni nusu saa ya kwanza, na katika nusu saa hiyo mara nyingi hakuna daktari karibu. Kuna utingo, mama muuza maji, wakala wa forodha na madereva wengine. Makala hii imeandikwa kwa ajili yao.

KIHARUSI CHA JOTO NI NINI?

Pamoja na jina lake, ugonjwa huu si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja wa mwili. Ni hali ya mwili kushindwa kujipoza hadi joto la ndani kupita nyuzi 40, huku ubongo ukianza kuvurugika.

Kwa kawaida mwili hukaa karibu na nyuzi 37. Ukipata joto zaidi, iwe ni la jua au la kazi ya misuli, una njia kuu mbili za kulitoa. Ya kwanza ni kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke nje. Ya pili ni jasho, ambalo hupoza likikauka. Hapa pana jambo la kuzingatia: jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi kitu. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar es Salaam au Mombasa huweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 32 za Dodoma, ambako hewa ni kavu. Huko Dodoma hatari ni nyingine: jasho hukauka upesi kiasi kwamba mtu hajui amepoteza maji kiasi gani.

Wataalamu hugawa kiharusi cha joto katika aina mbili. Ipo inayompata mtu aliyetulia, hasa wazee, watoto wadogo na wagonjwa, baada ya kukaa siku kadhaa kwenye joto kali. Ipo nyingine inayompata mtu mwenye nguvu zake akiwa kazini, kama mpagazi, mjenzi au askari. Hii ya pili huja kwa ghafla zaidi, na ndiyo inayowahusu zaidi watu wa biashara ya mizigo.

KWA NINI NJIA ZETU ZINA HATARI

Mizigo ya Rwanda hupita njia kuu mbili. Ushoroba wa Kati hutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo na Kigali, takriban kilomita 1,500. Ushoroba wa Kaskazini hutoka Mombasa kupitia Voi, Nairobi, Malaba na Kampala hadi Gatuna, takriban kilomita 1,700. Njia zote mbili huanzia kwenye joto la unyevu la pwani, hupita nyika kavu, kisha hupanda milimani. Anayetoka Kigali husafiri kinyume, yaani kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye joto, na hufika bandarini akiwa tayari amechoka.

Baadhi ya wasafirishaji hufika mbali zaidi. Barabara ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, hupita katika mojawapo ya maeneo yenye joto kali zaidi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kutokana na wimbi la joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Mwezi Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuanza kuzirai mjini Juba. Kama mwanafunzi aliyekaa darasani anazirai, dereva anayebadilisha gurudumu juu ya lami hana kinga ya pekee.

Hata ndani ya Rwanda si kila mahali ni kama Kigali. Bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, liko chini ya mita 1,000 na ndilo eneo lenye joto zaidi nchini. Kirehe, upande wa Rusumo, na Bugesera nako kuna joto kuliko nyanda za juu za kaskazini.

Aidha, biashara yetu ina foleni. Mwezi Januari 2022 malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya kuelekea Malaba, kutokana na mvutano juu ya vipimo vya Uviko-19. Dereva katika foleni ya namna hiyo hawezi kuliacha lori, hawezi kulisogeza kivulini, na kama hana kiyoyozi anakaa juu ya injini ya moto. Kuwepo kwa vituo vya forodha vya pamoja, kama kile cha Rusumo kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016, kumepunguza muda wa kusubiri, lakini hakujaondoa mizani, ukaguzi wala mifumo ya kompyuta inayokatika.

SI LAZIMA UENDE PWANI

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii alikuwa kwenye ghala moja pembezoni mwa Kigali, akifuatilia habari za ushuru wa mitumba. Vijana wanne walikuwa ndani ya kontena la futi 40 wakitoa marobota. Ilikuwa saa nane mchana na mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Kijana mmoja akatoka akiyumba, akaanza kumgombeza mtu ambaye hakuwepo. Wenzake wakacheka, wakadhani amekunywa. Mama aliyekuwa akiuza maji getini hakucheka. Alichukua dumu lake la lita 20, bidhaa yake ya siku hiyo, akammwagia kijana kichwani na kifuani, kisha akawaamuru wenzake wampepee kwa maboksi. Baada ya robo saa kijana akataja jina lake. Alipelekwa hospitali, na akapona.

Siku hiyo joto la Kigali lilikuwa la kawaida kabisa. Lakini kontena la bati juani si hali ya hewa ya Kigali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005 ulipima joto ndani ya gari dogo lililofungwa na kuegeshwa juani. Katika saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Hata siku ambayo nje kulikuwa na nyuzi 22 tu, ndani joto lilipita nyuzi 40. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia kitu.

Kwa hiyo mtoto, mzee au mgonjwa asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika kumi za kugonga muhuri. Na mtu yeyote asisafirishwe ndani ya kontena. Juni 2012 wahamiaji zaidi ya 40 kutoka Ethiopia walikufa mkoani Dodoma baada ya kusafirishwa ndani ya lori lililofungwa. Juni 2022 watu 53 walikufa katika tela la lori mjini San Antonio, Marekani, lililokuwa halina kiyoyozi kinachofanya kazi.

DALILI: HATUA MBILI ZA KUTOFAUTISHA

Hatua ya kwanza ni kulemewa na joto. Mtu hutoka jasho jingi, huhisi kiu, kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Misuli ya miguu au tumbo hukaza. Mapigo ya moyo huenda mbio, mkojo huwa mchache na wa rangi ya chai. Lakini akili yake iko sawa: ukimuuliza anakujibu. Huyu apumzike kivulini, alegeze nguo, apozwe kwa maji na anywe polepole. Mara nyingi hupata nafuu katika muda wa nusu saa. Asipopata nafuu, au akianza kutapika mfululizo, apelekwe hospitali.

Hatua ya pili ndiyo kiharusi cha joto chenyewe. Dalili kuu ni mwili kuwa wa moto sana pamoja na akili kuvurugika. Mtu huongea ovyo, huwa mkali bila sababu, hutembea kama mlevi, husinzia, hupata degedege au huzimia. Ngozi inaweza kuwa kavu na ya moto, lakini usisubiri ikauke. Mtu aliyezidiwa akiwa kazini anaweza kuwa bado analowa jasho huku ubongo wake ukiungua. Hili ndilo kosa linalowaponza wengi: wanaona jasho, wanasema bado yuko salama.

Njia rahisi ya kupima ni maswali matatu kwa lugha anayoielewa. Jina lako nani? Hapa ni wapi? Umebeba mzigo gani? Dereva anayeshindwa kusema amebeba nini ni mgonjwa wa dharura.

Vipi kuhusu malaria? Malaria pia huleta homa kali na inaweza kuvuruga akili. Kwa kawaida hutanguliwa na siku ya kujisikia vibaya, baridi na kutetemeka, wakati kiharusi cha joto humkuta mtu katikati ya kazi au joto. Hata hivyo, msibishane barabarani. Mtu mwenye mwili wa moto na akili iliyovurugika, aliyekuwa kwenye joto, apozwe kwanza. Damu itapimwa hospitali.

HUDUMA YA KWANZA: POZA KWANZA, SAFIRISHA BAADAYE

Kanuni hii ndiyo kiini cha makala yote. Kila dakika ambayo ubongo uko juu ya nyuzi 40 huongeza madhara. Ikiwa maji yapo, kumpakia mgonjwa wa moto kwenye pikapu yenye joto na kwenda naye kilomita 50 kabla ya kumpoza ni kumpotezea nafasi yake.

1. Mtoeni juani. Kivuli cha mti, kibanda au upande wa tela kinatosha. Asilazwe chini ya lori wala mbele ya magurudumu.

2. Mtu mmoja apige simu. Nchini Rwanda gari la wagonjwa la SAMU hupatikana kwa namba 912. Katika Kenya na Uganda piga 999 au 112, na Tanzania 112. Mtaje nguzo ya kilomita au kituo cha mafuta kilicho karibu.

3. Mvueni viatu, soksi na nguo za nje.

4. Mwageni maji mwili mzima mfululizo. Maji yoyote yanafaa kwa kazi hii, hata yale ya kuoshea lori, mradi hayana mafuta wala kemikali. Yakiwa baridi ni bora zaidi.

5. Kama mna turubai na watu wanne au watano, mna beseni. Mlazeni mgonjwa katikati, inueni kingo za turubai, mwageni maji humo na barafu ikiwepo, kisha myatikise yamzunguke. Kichwa kibaki juu ya maji na mtu mmoja amshike muda wote. Kumzamisha mgonjwa kwenye maji baridi ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na hutumiwa na madaktari wa wanariadha na majeshi.

6. Kama maji ni machache, loweka kanga, kitenge au shuka, mfunike, kisha mpepee kwa boksi. Kitambaa kikianza kupata moto, kiloweshwe tena. Barafu ya muuza samaki au soda iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja karibu na kinena, ikiwa imefungwa kitambaa.

7. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Akipata degedege, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, na msimtie kitu mdomoni. Akiacha kupumua, aanze kusukumwa kifua na mwenye kujua.

8. Endeleeni kumpoza hadi akili zirudi au aanze kutetemeka kwa baridi. Lengo la madaktari ni kushusha joto chini ya nyuzi 39 katika muda wa nusu saa.

9. Kisha aende hospitali, hata akisema amepona. Kwa upande wa Rusumo ipo hospitali ya wilaya ya Kirehe, na upande wa Tanzania ipo Murgwanza, Ngara. Anayetokea Kagitumba yuko karibu na hospitali ya Nyagatare. Safarini vioo viwe wazi na aendelee kuloweshwa.

Ikiwa hakuna maji kabisa, hapo msisubiri. Mpakieni, fungueni vioo, mpepeeni, na msimamishe kijiji cha kwanza chenye bomba.

MAKOSA YANAYOUA

Usimpe maji ya kunywa mtu aliyezimia au anayeongea ovyo. Yataingia kwenye mapafu.

Usimpe Panadol wala aspirini. Dawa hizi hushusha homa ya malaria kwa sababu katika homa hiyo ubongo wenyewe ndio uliopandisha kiwango cha joto. Katika kiharusi cha joto ubongo haukupandisha kitu. Mwili umeshindwa kutoa joto. Dawa haitasaidia, na inaweza kuumiza ini au kuzidisha kutoka damu.

Usimpake spiriti, na usimfunike blanketi eti atoe jasho.

Usimwache alale "apumzike kidogo" peke yake kwenye kabini. Wapo waliofungiwa mlango wapumzike, wakakutwa wamekufa.

KINGA: MAJI, MUDA NA KIVULI

Maji. Kwa kazi nzito kwenye joto, wataalamu wa usalama kazini hushauri kikombe kimoja, yaani robo lita, kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Lakini isizidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na ni hatari pia. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mweupe au njano hafifu uko vizuri, ukifanana na chai ya rangi umechelewa. Chumvi nayo hupotea kwa jasho, na chakula cha kawaida huirudisha. Mtu aliyetapika au aliyetoka jasho siku nzima anywe ORS. Asipoipata, achanganye lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Tatizo la maji katika biashara yetu mara nyingi ni choo. Dereva hanywi kwa kuwa hawezi kuacha foleni. Mama mfanyabiashara anayevuka mpaka hanywi tangu asubuhi kwa kuwa choo ni kichafu, ni cha kulipia au hakipo. Anayesimamia mpaka, soko au maegesho ya malori aelewe kwamba choo safi ni sehemu ya kinga dhidi ya joto.

Muda wa kuzoea. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto jipya: hujifunza kutoa jasho mapema zaidi na kutunza chumvi. Ukiondoka kwenye joto kwa wiki kadhaa, mazoea hayo hupotea. Ndiyo maana dereva wa Kigali hawezi kusema "Dar nimeizoea" kwa sababu alikuwa huko mwaka jana. Kwa wapagazi wapya, Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza asilimia 20 tu ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha kuongeza asilimia 20 kila siku. Wengi wa wanaokufa kwa joto kazini hufa katika siku za mwanzo.

Kabini. Egesha mbele ya lori ikiwa imelipa jua mgongo, weka pazia kwenye kioo, fungua milango yote miwili kabla ya kuingia. Injini izimwe kwenye foleni ndefu. Kama unalala mchana, lala nje kivulini, si ndani. Feni husaidia, lakini hewa ikipita nyuzi 40 feni hukupulizia moto. Hapo tumia kitambaa chenye maji.

Ndani ya kontena. Fungua milango yote mapema kabla ya kazi. Shusha mizigo alfajiri au jioni. Watu wafanye kazi kwa zamu fupi, wawili wawili, na kila mmoja amtazame mwenzake. Asiingie mtu peke yake.

Dawa na vichangamsho. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, dawa za mzio na za magonjwa ya akili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Usiziache kwa kusoma makala. Muulize daktari kabla ya safari ndefu. Pombe hukausha mwili. Miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi na ni haramu kwa sheria, huondoa usingizi na njaa, hupandisha mapigo ya moyo na humfanya mtu asisikie kwamba amechoka. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo si maji.

Safari za Ghuba. Wafanyabiashara wa Kigali wanaofuata bidhaa Dubai mwezi Julai huteremka kwenye nyuzi zaidi ya 40. Umoja wa Falme za Kiarabu hukataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, kati ya Juni 15 na Septemba 15, na Oman ina katazo linalofanana. Kama mjenzi aliyezoea nchi ile anaamriwa apumzike, wewe uliyefika jana usitembee kutoka duka hadi duka saa hizo. Katika Hija ya Juni 2024 watu 1,301 walikufa Saudi Arabia wakati joto la Makka lilipopita nyuzi 50, na wengi wao hawakuwa na vibali, hivyo walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahema ya kupoza.

KUPONA NA KURUDI KAZINI

Hospitali mgonjwa hupimwa damu kuangalia figo, ini na misuli, na hupewa dripu. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi ni ishara kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Ukiuona hata baada ya kuruhusiwa, rudi siku hiyo hiyo. Waliopozwa mapema wengi hupona kabisa. Waliochelewa wanaweza kubaki na usahaulifu, kuyumba au matatizo ya kuongea.

Kupona si kutoka kitandani. Madaktari wa michezo hushauri angalau siku 7 bila kazi nzito baada ya kutoka hospitali, kisha kupimwa tena, na baada ya hapo kurudi polepole kwa wiki kadhaa. Katika kipindi hicho mwili hauvumilii joto kama zamani, na mtu anaweza kuanguka tena kwa joto ambalo zamani lilikuwa mchezo kwake. Tajiri mwenye malori zaidi ya moja anaweza kumpa dereva huyo safari fupi za upande wa Gatuna, ambako ni baridi, badala ya kumrudisha bandarini wiki inayofuata.

HESABU YA MWENYE LORI

Kuna wanaosema mapumziko ni gharama. Tufanye hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba ifikapo 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, sawa na ajira milioni 80 za muda wote. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na hali ya hewa ya Agosti 2025 ilisema uzalishaji hushuka kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja juu ya 20, kwa kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua. Kwa maneno mengine, mpagazi asiyepumzika kwenye joto tayari anafanya kazi pungufu. Ulichokiona ni saa alizokuwa ghalani. Hukuona marobota ambayo hayakutoka.

Ugumu uko kwenye namna tunavyolipa. Dereva anayelipwa kwa safari na mpagazi anayelipwa kwa kontena hubeba wao wenyewe gharama ya kila dakika ya kivuli. Mwenye mzigo naye anakimbizana na tozo za kuchelewesha kontena. Kila mmoja ana sababu ya kuharakisha, na hakuna mwenye sababu ya kusema "tungoje jua lipungue". Suluhisho haliwezi kutoka kwa mpagazi. Linatoka kwa anayepanga malipo: kuweka saa za mapumziko ndani ya bei, kupanga kushusha mizigo asubuhi, na kumsajili mfanyakazi kwenye bima ya ajali kazini. Mutuelle ya nyumbani haitamfuata Mrwanda kwenye wodi ya Dodoma.

Kwa lori moja vifaa ni hivi: dumu la lita 20 la maji ya kumwagia, lita 10 za kunywa kwa watu wawili, pakiti kadhaa za ORS, vitambaa viwili, kipimajoto, na turubai ambalo tayari unalo. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya lori kulala Rusumo.

Na maswali ni matatu tu. Jina lako nani? Hapa ni wapi? Umebeba mzigo gani? Akikosea, chukua dumu.